Darasa na Hewa: Historia ya Shule Zilizofungua Kuta Zake

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukaa, na wenye kalamu wamezishika. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chumba cha darasa: kuta zake, madirisha yake na paa lake. Nimelichagua kwa sababu kamati nyingi za shule hujenga madarasa kwa nguvu za wananchi, na mara nyingi boma likifika kwenye madirisha ndipo ubishi huanza. Huyu husema dirisha liwe kubwa, yule husema dirisha ni gharama na tena ni njia ya mwizi. Ubishi huo si wa kwetu tu, bali una umri wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Tuanzie Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo ni wa Poland, nao huitwa Wrocław. Huko daktari wa macho aitwaye Hermann Cohn aliwapima wanafunzi 10,060, na mwaka 1867 akachapisha aliyoyaona. Katika shule za vijijini watoto wasioona mbali walikuwa wachache. Katika shule za juu za mjini walikuwa wengi, na kadiri mtoto alivyopanda madarasa ndivyo macho yake yalivyozidi kuharibika. Cohn alilaumu giza la madarasa na madawati yaliyomlazimu mtoto kuinamia kitabu. Baada ya hapo wakaguzi wa Ulaya walianza kudai madirisha makubwa, na kanuni iliyoenea ilikuwa kwamba eneo la madirisha lisipungue moja ya tano au moja ya sita ya eneo la sakafu. Wakaongeza kwamba nuru ije kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono wa kulia kisiangukie maandishi. (Mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto hakufikiriwa na mtu.)

Je, Cohn alikuwa na haki? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 2015 wataalamu wa Guangzhou, China, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walifuatwa kwa miaka mitatu. Miongoni mwao, karibu 30 katika kila 100 walipata ugonjwa wa kutoona mbali, na kwa wenzao wasioongezewa walikuwa karibu 40. Basi mwanga wa mchana una kazi yake katika jicho la mtoto, na taa ya dari haiwezi kushika nafasi yake kwa urahisi.

Lakini kilichozivunja kuta za shule hasa hakikuwa macho, kilikuwa kifua. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Kabla ya hapo wengi walidhani ugonjwa huo hurithiwa katika ukoo. Sasa ikajulikana kwamba huambukizwa. Lakini kumjua adui si kumshinda, maana dawa haikuwapo. Waganga waliweza tu kumpeleka mgonjwa mahali penye hewa safi, wakampumzisha na kumlisha vizuri. Watoto wa mafundi na vibarua walilala watano au sita katika chumba kimoja, na asubuhi wakaenda kukaa hamsini katika chumba kingine ambacho madirisha yake yalifungwa kwa sababu ya baridi.

Ndipo katika mji wa Charlottenburg, ambao siku zile ulikuwa mji peke yake kando ya Berlin, watu watatu wakashauriana: mkaguzi wa shule Hermann Neufert, daktari wa watoto Bernhard Bendix, na msanifu majengo Walter Spickendorff. Tarehe 1 Agosti 1904 walifungua shule msituni, katikati ya misonobari. Majengo yalikuwa mabanda ya mbao tu, na banda la kulia chakula lilikuwa wazi ubavuni. Watoto wa kwanza walikuwa kama mia. Hawakuwa wale waliokwisha kuambukiza wengine, bali ni wale wenye upungufu wa damu, wenye matezi ya shingoni, na wenye dalili za kwanza za udhaifu wa moyo na mapafu. Walifika asubuhi na kurudi kwao jioni. Masomo yalipunguzwa, na madarasa yakawa madogo. Baada ya chakula cha mchana kila mtoto alijinyoosha juu ya kiti cha kulalia, akafunikwa blanketi, akanyamaza kwa muda wa saa mbili. Siku nzima walikula mara tano: mkate, maziwa, supu, nyama na mboga.

Shule ilifungwa mwishoni mwa Oktoba, baridi ilipokaribia. Katika miezi hiyo mitatu watoto wengi walikuwa wameongezeka uzito na nyuso zao zimepata rangi, na walimu wakaona jambo ambalo hawakulitegemea: ingawa masomo yalikuwa machache, watoto hawakubaki nyuma ya wenzao.

Hapa napenda vikundi visimame kidogo na kufikiri. Ni hewa iliyowaponya, au ni ile milo mitano? Wafuasi wa shule hizo waliandika sana juu ya hewa na jua, na kidogo juu ya supu. Mimi naona supu haikupewa haki yake. Mtoto wa kibarua aliyekuwa hajashiba kwa mwaka mzima, akila mara tano kwa siku, atanenepa hata kama amewekwa ghalani. Hata hivyo sehemu ya hewa haiwezi kukataliwa, kwa maana leo twajua wazi kwamba kijidudu cha kifua kikuu huelea katika hewa ya chumba kilichofungwa, na hewa ikipita huondoka nacho.

Habari za Charlottenburg zilienea upesi. London ilifungua shule yake katika msitu wa Bostall Wood mwaka 1907, na Birmingham ikafungua Uffculme mwaka 1911. Huko Marekani, katika mji wa Providence, walikuwa wagumu zaidi. Walianza Januari 1908, majira ya baridi kali, katika jengo la zamani ambalo madirisha ya upande mmoja yaliondolewa. Watoto walikaa ndani ya mifuko ya blanketi, miguuni wakawekewa mawe yaliyopashwa moto, na wakasoma hivyo. Mwaka 1922 walimu, waganga na wasanifu wa nchi mbalimbali walikutana Paris katika mkutano wao wa kwanza wa shule za hewa wazi.

Mpaka hapo shule hizo zilikuwa za watoto dhaifu. Swali lililobaki liliulizwa Amsterdam: kwa nini mtoto mzima angoje augue ndipo apewe hewa? Msanifu Jan Duiker, pamoja na mwenzake Bernard Bijvoet, akajenga shule iliyofunguliwa mwaka 1930, na jina lake lenyewe lilitaja mtoto mwenye afya. Iko katika mtaa wa Cliostraat. Ni nguzo na sakafu za zege, orofa juu ya orofa, na kuta ni vioo vinavyofunguliwa. Kila orofa ya madarasa ina pembe moja isiyo na ukuta kabisa, ambamo watoto husomea nje bila kushuka chini. Jengo hilo lilionekana geni mno, hata likawekwa katika ua, nyuma ya nyumba za mtaa, lisikae mbele barabarani. Duiker alifariki mwaka 1935. Shule yake ingali inasomesha watoto.

Mwaka ule ule wa 1935 shule nyingine ilikamilika Suresnes, karibu na Paris, chini ya meya Henri Sellier. Wasanifu wake, Eugène Beaudouin na Marcel Lods, walitengeneza vibanda vinane vya madarasa ambavyo kuta zake tatu ni vioo vya kukunja. Asubuhi ya jua darasa zima lilikunjuliwa likawa kama baraza. Badala ya ngazi walijenga njia za mteremko, mtoto dhaifu asichoke.

Baadaye mambo yakageuka. Dawa ya streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Kifua kikuu kikawa kinatibika, na shule za hewa wazi zikafungwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda ghafla, nchi za baridi zilianza kuziba kila ufa ili joto lisitoke. Pamoja na joto wakafungia ndani pumzi za watoto, unyevu na ukungu wa ukutani. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Denmark ilipofungua tena shule zake mwezi wa Aprili, madarasa mengi yalihamia nje, na baridi ilipofika shule za Ujerumani ziliagizwa kufungua madirisha kila baada ya dakika 20. Watoto wakakaa na makoti na mablanketi, kama wale wa Providence miaka 112 kabla yao. Nacho kifua kikuu hakijaondoka duniani: mwaka 2023 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni moja na robo.

Sasa tutoke katika nchi za baridi, maana mtasema, na kwa haki, kwamba shida yetu si baridi bali ni joto. Katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, mwaka 1965 alizaliwa Diébédo Francis Kéré, mtoto wa mkuu wa kijiji. Gando haikuwa na shule, kwa hiyo akiwa na miaka saba alipelekwa mji wa Tenkodogo. Huko alikaa pamoja na watoto wengi mno katika chumba chenye giza na joto, na hakukisahau. Mwaka 1985 alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Majengo makuu ya chuo hicho yako Charlottenburg, katika mji ule ule wa shule ya msituni!

Kabla ya kumaliza masomo alianzisha mwaka 1998 chama cha kuchangisha fedha, na mwaka 2001 shule ya Gando ikakamilika. Wanakijiji walikuwa na mashaka, kwa kuwa wao walijua kwamba nyumba ya udongo huanguka wakati wa mvua na jengo la maana ni la saruji. Kéré aliwaonyesha namna nyingine: udongo wa pale pale, ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono ukawa matofali bila kuchomwa moto. Kina mama waliponda sakafu ya udongo mpaka ikawa ngumu na laini. Lakini akili kubwa iko juu. Dari ni la matofali yaliyopangwa yakaachiwa nafasi. Juu ya dari, bila kuligusa, paa la bati limeinuliwa juu ya kenchi za nondo zilizochomelewa na vijana wa pale pale. Bati likiwaka jua, hewa kati yake na dari hupata moto na kutoka, nayo huivuta hewa ya darasani ipande. Paa limetokeza mbali, hivyo mvua haizipigi kuta. Pangaboi halipo, wala umeme hauhitajiwi. Shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa ya wasanifu.

Msinifahamu vibaya. Sisemi tuinakili Gando kila mahali. Ukuta mnene wa udongo hufaa sana penye joto kavu na usiku wa baridi, kama Dodoma. Pwani, ambako usiku nao una fukuto, upepo wa kupita una maana kuliko unene wa ukuta. Lakini bati lililopigiliwa moja kwa moja juu ya vichwa vya watoto, bila dari, si jema popote, na kila mwalimu ajua kwamba mvua ikinyesha juu yake somo hukoma. Tena tofali la kuchoma, tunalolipenda kwa ugumu wake, hula kuni nyingi, na kuni hizo ni miti ya kijiji hicho hicho kinachotafuta kivuli.

Tuchukue darasa la mita 9 kwa mita 7. Sakafu yake ni mita za mraba 63, na moja ya tano yake ni 12.6. Dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.2 lina mita za mraba 1.8, basi yatakiwa madirisha saba: manne upande mmoja, na matatu upande wa mlango, ili hewa iingie huku itokee kule. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisiingie machoni mwa watoto. Kwa mwizi, nondo za dirishani zatosha.

Kabla ya somo la wiki ijayo, ambalo litahusu maji na vyoo vya shule, kila kikundi kichukue futi kamba kiende katika shule iliyo karibu, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Pimeni sakafu ya darasa moja, pimeni madirisha yake, na mwandike ni mangapi hufunguka.