Kiinua Mgongo, Bakshishi na Chenji

Historia ya desturi mara nyingi hujificha ndani ya jina lake. Leo nawaalika tuitazame sarafu ndogo ambayo mlaji huiacha mezani baada ya kula. Kiswahili kimeipa majina zaidi ya moja, na kila jina lina upande linaoutazama.

Jina la kwanza ni bakshishi. Asili yake ni Kiajemi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutoa na pia kusamehe. Neno hili hutaja mkono unaotoa; anayepokea hayumo ndani yake.

Jina la pili ni kiinua mgongo. Limeundwa kama kifungua kinywa: kiambishi ki-, kisha kitenzi, kisha kiungo cha mwili. Ni zawadi apewayo fundi akishamaliza kazi, ili mgongo ulioinama upate kunyooka. Jirani yake ni kilemba, ambacho zamani kilikuwa pia zawadi ya fundi au mwalimu mwishoni mwa kazi. Hapa anayetajwa ni mtenda kazi, na jasho lake limo ndani ya neno.

Baadaye utumishi wa umma ulilichukua jina hilo kwa malipo ya mkupuo ya mstaafu. Nami niliinama juu ya madaftari ya wanafunzi miaka mingi, nikakipokea changu. Ninapokunywa chai katika migahawa ya hapa Mkuu, huwatazama vijana wanaobeba sinia tangu alfajiri. Wengi wa kazi hii hawana mkataba wala mfuko wa pensheni. Kiinua mgongo chao ni hicho cha mezani, kama kipo.

Jina la tatu ni chenji, nalo halimtaji mtoaji wala mpokeaji, hutaja mabaki. Sarafu ndogo zenyewe zina historia ndefu katika lugha yetu. Pesa ilitoka India. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller 100 badala ya pesa 64, nasi tukabaki na neno hela hata baada ya wao kuondoka. Waingereza wakaleta shilingi na senti, zile za 5 na 10 zikiwa na tundu katikati. Mwaka 1966 Tanzania ikatoa sarafu zake, na sungura akakaa juu ya senti 50, ambayo wazee waliiita sumni. Mwaka 2014 shilingi 500 nayo ikawa sarafu. Kilichokuwa noti sasa hulia mezani kama chenji.

Je, kuacha chenji ni heshima au dharau? Siku moja mhudumu alinikimbilia hadi barabarani akiwa na shilingi 200. “Mwalimu, umesahau chenji yako!” Hakuwa mjinga, alikuwa mwaminifu. Kwake, fedha iliyoachwa bila neno bado ni mali ya mwenyewe. Kwetu zawadi hutoka mkononi kuingia mkononi, na husindikizwa na kauli. Shabiki wa taarabu hamwachii mwimbaji fedha kitini. Huinuka, huenda kumtunza mbele ya watu. Hata wapagazi wanaopandisha wageni mlimani kwa njia ya Rongai, inayoanzia huku Rombo, hupewa chao mwisho wa safari.

Marekani mambo ni mengine. Sheria ya shirikisho humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa tangu mwaka 1991, mradi bakshishi ifikishe ujira kwenye kima cha chini. Huko sarafu ya mezani ni sehemu ya mshahara. Hapa bado ni neno la shukrani, na neno lisiposemwa, sarafu huwa bubu.

Wakati nao hubadili maana. Kikitolewa baada ya kazi ni kiinua mgongo. Kikidaiwa kabla ya haki ni “chai”, yaani rushwa. Takrima, neno la ukarimu, iliruhusiwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006. Neno jema lilichafuka kwa kutangulizwa.

Sasa wengi hulipa kwa simu, kiasi kamili, bila kubaki hata shilingi. Chenji inatoweka, na pamoja nayo ule wema wa bahati, uliotoka kwa sababu tu sarafu zilikuwa nzito mfukoni. Sifa tupu kwa mhudumu ni kilemba cha ukoka. Anayetaka kumshukuru itabidi akusudie, anyooshe mkono, na aseme: “Hiki ni kiinua mgongo chako.” Nasi tunaotunga na kufundisha tulitumie jina hilo kabla halijabaki kwenye barua za wastaafu peke yake.