Homa ya Papasi na Majina ya Kijidudu Chake

Kiswahili kimeuita ugonjwa huu kwa jina la mdudu auletaye: homa ya papasi. Papasi ni kupe mwenye ngozi laini. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka akamnyonya damu aliyelala, na kabla ya alfajiri hurejea mafichoni. Zamani hatari hiyo iliwakabili hasa watu wa misafara, kama ile iliyotoka Pangani ikafuata bonde la mto Pangani kupitia Korogwe, kwani kila usiku walilala mahali palipokwisha kulaliwa na wengine.

Wataalamu walianzia kwenye damu. Mwaka 1868, mjini Berlin, Otto Obermeier aliona vijidudu vyenye umbo la parafujo katika damu ya wagonjwa wa homa ya vipindi. Mwaka 1904 Ross na Milne waliviona vya namna hiyo nchini Uganda. Dutton na Todd walithibitisha katika Kongo ya mashariki kwamba papasi ndiye aviambukizaye. Dutton mwenyewe alifariki Kasongo, Februari 1905. Mwaka huo huo Robert Koch alifanya utafiti katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, pamoja na Amani, katika milima iliyo mashariki ya Korogwe, akaviona hata ndani ya mayai ya papasi. Mwaka 1906 Novy na Knapp walikipa kijidudu hicho jina la Dutton. Na kwa jenasi iliyoundwa mwaka 1907 kwa heshima ya Borrel, leo chaitwa Borrelia duttonii.

Kile kiletwacho na chawa kiliitwa Borrelia recurrentis. Basi wataalamu nao walitenga spishi kwa kumtazama mchukuzi, kama Kiswahili kilivyofanya. Lakini mwaka 2008 ulinganisho wa jeni ulionyesha kuwa kijidudu cha chawa ni kama kile cha papasi kilichopoteza sehemu ya jeni zake. Mpaka uliowekwa kwa majina ukaingiwa na shaka.

Suala hili si la vitabuni tu. Katika zahanati za Handeni na Korogwe, mgonjwa mwenye homa hudhaniwa kwanza kuwa na malaria, na kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kijidudu hiki. Homa ya papasi hutulia yenyewe kwa siku kadhaa, kisha hurudi, kwa sababu kijidudu hubadili vazi lake la nje. Aliyepewa dawa ya malaria hujiona amepona, kumbe bado. Na kwa mja mzito kosa hilo laweza kumpotezea mtoto. Tetrasaiklini huponya, lakini haipewi mama mjamzito, ambaye hutibiwa kwa dawa nyingine. Na tiba yoyote hungoja ugonjwa utambuliwe. Tone lile lile la damu linalochunguzwa kwa hadubini laweza kuonyesha magonjwa yote mawili. Jina la Kilatini humwambia mpimaji ameona nini. Jina la Kiswahili humkumbusha mganga kuuliza mgonjwa alilala wapi.