Mashua ya Huygens na Swali la Nishati Mwendo

Tunafundishwa sekondari kwamba nishati mwendo ni nusu ya masi ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Ni nadra kuulizwa: kasi hiyo imepimwa na nani, akiwa wapi? Insha hii inaonesha kwamba swali hilo ni la zamani kuliko kanuni yenyewe, na kwamba lilisaidia kuipata.

Mwaka 1644 René Descartes alichapisha kanuni saba za magimba yanayogongana. Ya nne ilidai kwamba gimba dogo likiligonga kubwa lililotulia, kubwa halisogei. Dogo hurudi lilikotoka. Ya tano ilisema kubwa likiligonga dogo lililotulia, yote mawili huendelea pamoja.

Mholanzi Christiaan Huygens hakuridhika. Katika miaka ya 1650 alimfikiria mtu akigonganisha tufe mbili ndani ya mashua inayokwenda taratibu, huku mwenzake akitazama kutoka ukingoni. Kwa mtu wa mashuani, tufe kubwa inaweza kuwa imetulia. Kwa wa ukingoni, hiyo hiyo ndiyo inayoiendea ndogo. Kwa hiyo kanuni ya nne na ya tano zinaweza kueleza tukio moja, lakini katika moja tufe zinaachana na katika nyingine zinaambatana. Haziwezi kuwa kweli zote mbili.

Huygens alionesha kwamba tufe ngumu zikigongana, jumla ya masi mara kipeo cha pili cha kasi haibadiliki. Gottfried Leibniz aliitetea hesabu hiyo mwaka 1686, na baadaye akaiita nguvu hai. Nusu iliongezwa na Gaspard-Gustave Coriolis mwaka 1829.

Tuchukue tufe mbili za kilo 1, kila moja ikienda mita 2 kwa sekunde kuelekea nyingine. Mashuani jumla ya nishati ni jouli 4. Mashua nayo ikienda mita 2 kwa sekunde, mtu wa ukingoni anaona tufe moja ikienda mita 4 kwa sekunde na nyingine imesimama: jouli 8. Tufe zikiwa ngumu, kila mmoja anapata jumla yake ile ile baada ya mgongano.

Zikiwa za udongo laini zikanatana, wa mashuani anabaki na sifuri, wa ukingoni anabaki na jouli 4. Wote wawili wamepoteza jouli 4, zilizotumika kuubonyeza na kuupasha joto udongo. Ndiyo maana Willem 's Gravesande, aliyedondosha tufe kwenye udongo mwaka 1722, aliweza kupima kina cha mashimo ambacho hakuna mtazamaji angekikana.

Kwa hiyo nishati mwendo haimo ndani ya tufe peke yake. Ni uhusiano kati ya tufe na anayeipima. Hakuna mtazamaji aliyekosea. Kosa ni kuanza hesabu mashuani na kuimalizia ukingoni.