Kunguru Hafugiki, Lakini Sisi Tulimpa Kazi

Likoni huhitaji alamu. Saa kumi na mbili kasoro, mabati yanaanza kukwaruzwa na kucha, halafu kelele, halafu sauti ya bibi yangu uani na ufagio wake: "Toka! Toka, mwizi wewe!" Ndivyo nilivyokua. Kama umelelewa Mtongwe, Kisauni au Changamwe unanielewa. Kurabu, kunguru, muite utakavyo. Yule mweusi mwenye shingo ya kijivu.

Mimi nina kesi naye. Bibi alikuwa anafuga kuku wa kienyeji, na pesa za mayai zilikuwa ndizo nauli yangu na madaftari yangu. Nikiwa kidato cha tatu kuku wake mmoja aliangua vifaranga 11. Wiki ya pili walibaki 2. Kunguru hachukui kwa kubahatisha. Mmoja anamchokoza mama kuku mbele, mwenzake anakuja nyuma. Bibi akafanya hesabu ya kuku na mahindi, akaona afunge biashara. Lile banda leo twaweka makopo ya rangi.

Kwa hivyo Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipotangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja hapa Pwani kabla ya mwaka kuisha, nilirekodi video nikicheka. Nikasema waondoke wote, hata msiba sikai. Nikamwonyesha bibi nikijua atafurahi. Akaitazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe wajua nani aliwaleta?"

Nikamwambia walikuja tu, ni ndege.

"Hawakuja wale, mjukuu wangu. Waliletwa." Akaniambia mama yake alikuwa akisema kunguru wa asili ya huku ni yule mwenye kifua cheupe, na kwamba hawa wa kijivu ni wageni. Basi nikaenda kusoma. Na nilichokipata ndicho kimenifanya niandike hii, kwa sababu ile video nimeifuta.

Haya, twende Unguja. Karne ya 19 mji wa Zanzibar ulikuwa tajiri kwa karafuu na kwa biashara ya watumwa, lakini usafi ulikuwa sufuri. Taka zilimwagwa ufukweni na vichochoroni. David Livingstone alipopita 1866 alilalamikia uvundo wake. Waingereza walipoufanya nchi ya kulindwa mwaka 1890, waliukuta huo uvundo. Sasa, mtu mwenye akili angefikiria nini? Mikokoteni. Mashimo. Wafanyakazi wa kulipwa. Wao wakafikiria kunguru. Miaka hiyo ya 1890 wakaagiza kunguru wa India waletwe wale taka. Kule kwao India ndege huyu anaishi na watu siku zote, anakula wanachotupa, halipwi, haugui, hagomi.

Wahenga wetu walikuwa na jibu tayari: kunguru hafugiki. Hakuna aliyewauliza.

Haikufika hata miaka 30, serikali ileile ikawa inamhesabu kuwa ni balaa. Alikuwa amegundua kwamba taka si chakula pekee mjini. Kuna mayai, kuna makinda, kuna vifaranga, kuna samaki aliyeanikwa. Lakini wakati huo ameshazaana, na bahari kwake si kitu. Meli zilikuwa zikienda na kurudi, na kunguru huyu ni abiria mzoefu. Mwaka 1994 wawili walionekana Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, inadhaniwa kwa meli vilevile, na wakazaliana huko kwenye baridi! Hapa Mombasa wa kwanza aliandikwa kwenye rekodi mwaka 1947. Kutoka hapo akafuata barabara, soko na jaa mpaka Malindi na zaidi.

Kuna kitu kimoja cha kushika hapa. Huyu kunguru haishi msituni. Huwezi kumkuta amejitegemea huko mbali, ambako hakuna mtu. Anaishi pale tu tunapoishi sisi, na idadi yake inafuata idadi ya tunachotupa. Yani ukitaka kujua mtaa unazoa taka vipi, usiulize kiongozi, hesabu kunguru.

Sasa tuje kwenye mapaa yetu, maana najua wengi mmejaribu kumfukuza. Mtaani kwetu nimeona kila kitu. Kuna jirani alitundika sidi za zamani zing'ae juani. Siku tatu. Mwingine akaweka bundi wa plastiki kwenye tanki la maji. Wiki ya pili kunguru alikuwa amekaa juu ya kichwa cha bundi. Manati inamkimbiza, lakini anakushika sura. Si uchawi. Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake walivaa barakoa moja walipokuwa wakiwakamata kunguru wa kule, na miaka baadaye aliyepita na barakoa ile alizomewa na kundi zima, hata na wale ambao hawakuwahi kukamatwa. Kwa hivyo ukimpiga mmoja, jua umejitambulisha kwa ukoo.

Wenye maghorofa wanaweka ile miiba ya chuma ukingoni. Nayo ina kisa chake. Mwaka 2023 mtafiti wa Uholanzi, Auke-Florian Hiemstra, alionyesha viota kutoka Rotterdam na Antwerp vilivyojengwa kwa miiba hiyohiyo ya kufukuzia ndege. Kimoja cha Rotterdam kilikuwa cha kunguru. Huku kwetu kurabu hajengi kwa vijiti tu. Anachukua nyaya, hanga, vipande vya waya wa umeme. Unamwekea kizuizi, yeye anaona duka la vifaa vya ujenzi.

Kinachosaidia kwenye nyumba ni kazi ya kuchosha: kufunika tanki, kusafisha gata, kuziba nafasi chini ya paa kwa neti, na kuondoa kiota kinapoanza, kabla hakijatiwa mayai. Lakini hata ukifanya yote, umemhamishia kwa jirani tu. Bado chakula kiko pale kona.

Sumu nayo? Ipo, na inafanya kazi. Inaitwa Starlicide, ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya kupunguza ndege wengine waharibifu. Kunguru haumuui kwa kumtupia tu. Kwanza unamzoesha nyama safi mahali pamoja, siku baada ya siku, mpaka akuamini. Ndipo unatia dawa. Hafi palepale, anaondoka na kufa baadaye, kwa hivyo wenzake hawajui kosa liko wapi. Watumiaji wake wanasema dawa inavunjika mwilini mwa ndege kabla hajafa, ndiyo maana paka akimla hatari ni ndogo.

Na si mara ya kwanza. Watamu na Malindi ilitumika zamani na kunguru wakapungua sana. Dawa iliposimamishwa, wakarudi. Unguja, miaka ya 1990, walifanya kampeni ya mitego na sumu, wakapungua mno. Pesa za mradi zikaisha. Wakarudi. Unaona mfuatano? Kila mara tumeua kunguru, na kila mara tumeiacha ile ajira wazi. Na nafasi ya kazi ikiwa wazi mjini, wewe mwenyewe wajua, haikai wiki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mimi wa ile video. Sisemi kunguru aonewe huruma. Anavamia viota vya minana na ndege wengine wadogo wa kwetu, na ndege hao hawana pa kulalamika. Bibi anakumbuka mnazi wa uani ukiwa umejaa viota vya minana. Mimi nauona mnazi tu. Kwa hivyo wapunguzwe, sawa, na wataalamu wafanye. Mtu wa mtaani asijaribu kununua sumu yoyote akatega kwa nyama. Utaua paka, kuku wa watu, na Mungu apishe mbali, mtoto.

Ninachosema ni kwamba historia imetupa jibu na sisi tunasoma nusu yake. Mwaka wa 1890 na kitu mtu mkubwa alitazama taka akaona ni rahisi kuleta ndege kuliko kuzoa. Miaka mia na thelathini baadaye tunatazama taka zilezile, na tunaona ni rahisi kuua ndege kuliko kuzoa. Wazo ni lile lile, limegeuzwa shati. Hata lile jaa la Kibarani, pale unapoingia Changamwe, lilipofungwa na pakapandwa miti, takataka hazikupotea. Zinapelekwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Kunguru ana mabawa. Safari hiyo kwake ni ya kifungua kinywa.

Baada ya kusoma yote haya nilirudi kwa bibi, nikamwambia alikuwa sawa. Akaniambia, "Kuwa sawa hakunirudishii kuku." Kweli kabisa. Basi mwezi uliopita tulifanya vitu viwili. Tulitoa yale makopo ya rangi, tukazungushia banda neti mpaka juu, na vifaranga hawatoki mpaka wakue kidogo. Halafu mimi na vijana wanne wa pale kwetu tukaenda kuongea na mama muuza samaki wa kona, tukampa ndoo yenye kifuniko ya matumbo na magamba. Jioni tunazika kwa zamu. Ni ndoo moja, najua. Lakini asubuhi pale kona kelele zimepungua, na mama yule ameshauliza ndoo ya pili.

Bibi amenunua kuku jike mmoja. Anaatamia mayai 9. Ufagio bado uko mlangoni, maana kurabu wako juu ya mabati wanahesabu pamoja nasi.

Kona ya kwenu nani anailisha?