Juu ya nini raia wanauawa jeshi likisonga mbele

Wamama wenye mashamba ya kakao huniuliza kila ninapofika: kama jeshi linashinda, juu ya nini siye ndiyo tunakufa? Jibu limo katika historia ya Beni.

ADF walitoka Uganda, wakaingia msituni kwetu katika miaka ya 1990. Kwa miaka mingi walikaa karibu na watu. Kuna waliofanya nao biashara, hata kuoleana. Januari 2014 jeshi lilianzisha operesheni Sukola 1, na Aprili likateka kambi yao kubwa ya Medina. Oktoba ya mwaka uleule mauaji yakaanza: Ngadi, kiisha Eringeti.

2019 ikawa vilevile. Tarehe 30 Oktoba jeshi likaingia msituni kwa nguvu. ADF wakazunguka nyuma yake, wakafuata nyumba zisizo na askari. Kufikia katikati ya Desemba zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa. Usiku mmoja walikufa watu 8 kule Boikene. Asubuhi yake, 25 Novemba, waandamanaji wakachoma ofisi ya meri wa Beni na kuvamia kambi ya MONUSCO. Muangalie vizuri: muuaji yuko msituni, lakini hasira ya mji inaangukia serikali na UN. Hesabu yake ndiyo hiyo. Mwenye kijiji asipomwamini tena askari, hamwambii alichoona njiani, na jeshi linabaki kipofu. (Na mashaka hayo hayakutoka hewani: Februari 2018 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo jenerali mmoja wa FARDC kuhusu mauaji ya Beni.)

Januari 2020 jeshi likatangaza limeteka Madina. ADF wakagawanyika vikundi vidogo, wengine wakahamia Irumu na Mambasa. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi. Mwezi wa Novemba, baada ya mabomu ya Kampala, jeshi la Uganda nalo likavuka mpaka. Kila mara tuliambiwa idadi ya kambi zilizotekwa. Idadi ya vijiji vilivyobaki na ulinzi, ni mara chache kuisikia.

Kwa siye tunaorudi, kamati iulize hilo mbele ya wakubwa kabla familia hazijafungua mashamba: operesheni ikianza, nani anabaki kwenye njia ya shambani, na tukimuona mgeni tunampigia nani simu?