Ubingwa wa 2018 ni wa kocha yupi?

UE zimeisha, bumu nalo limeisha, kilichobaki ni ubishi wa mpira tu. Wa wiki hii: eti kocha apimwe kwa alichofanya msimu uliopita, basi. Washkaji wengi wanasema jedwali halidanganyi. Mimi mtu wa Makambako nakubali halidanganyi, ila halisemi yote. Ushahidi wangu ni msimu wa 2017/18, ule ambao mkoa wetu ulikuwa na timu Ligi Kuu.

Tuanzie juu ya jedwali. Simba walibeba ubingwa wakiwa na pointi 69, wakafungwa mechi moja tu, na Kagera Sugar, tena siku ya kukabidhiwa kombe. Haya, kocha bingwa ni nani? Msimu ulianza na Joseph Omog wa Cameroon. Desemba 2017 Simba wakatolewa Kombe la FA na Green Warriors, timu ya daraja la chini, na Omog akafungashiwa virago. Masoud Djuma akashika usukani, kisha akaja Mfaransa Pierre Lechantre, ambaye ndiye aliyekuwa kwenye benchi siku ya sherehe. Sasa medali tumpe nani? Na huyo Lechantre mwenyewe hakuuona msimu uliofuata pale Msimbazi!

Huyo Omog ndiye aliyeipa Azam ubingwa wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka 2015 Azam wakamtimua. Mei 2017 akawapa Simba Kombe la FA, miezi saba baadaye akaondoka. Kwa hiyo hata klabu zenyewe haziamini hiyo kanuni ya msimu uliopita. Huko Uingereza pia, Claudio Ranieri aliipa Leicester ubingwa 2016, Februari 2017 akawa hana kazi.

Sasa tushuke chini ya jedwali, nyumbani. Mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012 kutoka Iringa, na 2017 Njombe Mji wakapanda Ligi Kuu. Jamani ile raha! Kutoka kwetu Makambako hadi Njombe ni kilomita kama 60 tu. Septemba 2017 Yanga walikuja Sabasaba, wakashinda 1-0 kwa bao la Ibrahim Ajibu. Kufungwa moja na Yanga haikuwa aibu. Lakini msimu ulipoisha, timu mbili zilizoshuka zilikuwa Njombe Mji na Majimaji ya Songea.

Vijiweni lawama zote zikaenda kwa makocha. Mfano uliotolewa ni Mbeya City ya Juma Mwambusi, walioshika nafasi ya 3 msimu wao wa kwanza, 2013/14. Ni kweli Mwambusi alifanya kazi kubwa. Ila Mbeya City walikuwa na halmashauri ya jiji nyuma yao. Na Simba ya 2017 ilikuwa imesajili Okwi, Bocco, Manula, Kapombe, Nyoni na Niyonzima kwa mpigo! Okwi peke yake alifunga mabao 20. Mwalimu wa timu ndogo anaifuata Kagera Sugar hadi Bukoba kwa basi, kisha tunampima kwa jedwali moja na mwenye kikosi hicho. Ni sawa na kumlaumu mpishi kwa pilau wakati umemletea unga.

Sisemi kocha asipimwe. Apimwe, lakini kwa maswali matatu: alikabidhiwa nini, alipewa muda gani, na ameacha nini? Kwa maswali hayo Omog anastahili sehemu ya ubingwa wa 2018, maana alikiongoza kikosi kile karibu nusu msimu.

Na kwetu hili si ubishi wa kupoteza muda. Kocha akibebeshwa lawama zote anaondoka nazo, basi hakuna anayewauliza viongozi kuhusu fedha na usajili, wala sisi mashabiki kuhusu viingilio tulivyokwepa. Njombe Mji haikurudi Ligi Kuu misimu iliyofuata, na vijana wa Makambako wakabaki kuitazama ligi kwenye vibanda umiza. Makocha walishaondoka siku nyingi, lakini tatizo lilibaki pale pale.

Tuko pamoja wadau. Anayebisha aniambie kwanza: ubingwa wa 2018 ni wa kocha yupi?