Uhuru Iliyorushwa Ngomeni

Mtaa wa Uhuru, wazee wetu waliuita Kichwele. Ndipo ninapotengeneza redio, upande wa Kariakoo, na ndipo ninapobishana na vijana wanaokuja kutafuta spika za magari. Nikiwaambia ipo Uhuru nyingine iliyokuwa ikiizunguka dunia yote mara 15 kwa siku, wanacheka. Wanadhani nazungumzia Mwenge wa Uhuru.

Mwaka 1966 Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, walilikokota jukwaa la chuma mpaka Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wakaliita San Marco. Walipapenda kwa sababu pako karibu na ikweta: huko dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, na roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout ilipanda kutoka pale na satelaiti ya kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaipa jina Uhuru. Haikuwahi kutokea kabla satelaiti ya Marekani kurushwa na mafundi wa taifa jingine.

Kazi yake ilikuwa kupokea eksirei za angani. Hewa yetu inazizuia, kwa hiyo hapa chini hata uwe na kifaa gani hupati kitu. Roketi za miaka ya 1960 zilichungulia kwa dakika chache tu, zikaanguka. Uhuru ilikaa juu, ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12. Ilikuwa na vipokezi viwili vilivyopeana mgongo, ndani vimejaa gesi; eksirei ikiingia inazua mshtuko mdogo wa umeme, nao unahesabiwa. Basi. Fundi yeyote wa Gerezani angeielewa mantiki yake kabla chai haijapoa.

Chukua mfano mmoja: upande wa nyota za Mashuke ipo galaksi duaradufu iitwayo M87, ya 87 katika orodha ya Charles Messier, Mfaransa aliyeiona mwaka 1781. Haina mikono ya kujipinda kama galaksi yetu. Ni bonge la nyota, nyingi za kale, umbali wa miaka ya nuru milioni 54 hivi, katikati ya kundi la galaksi zaidi ya 1,000. Zile roketi zilikwisha kunasa eksirei kutoka huko. Uhuru ikaonyesha kwamba zimetapakaa mbali, nje ya galaksi yenyewe. Ikawa hivyo pia kwenye makundi mengine, kama Perseus na Coma. Ni kama joto la Kariakoo saa saba mchana: huwezi kusema linatoka duka la nani. Baina ya galaksi kumejaa gesi nyembamba mno, yenye joto la mamilioni ya digrii, na katika makundi makubwa gesi hiyo ina uzito mkubwa kuliko nyota zote zikijumlishwa. Darubini za kawaida zilikuwa zikiipita tu.

Picha ya kivuli cha shimo jeusi la M87, iliyotolewa Aprili 2019, kila mtu aliiona kwenye simu. Mimi ile gesi ndiyo inanishangaza zaidi.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hesabu zilifanyiwa Marekani, sifa zikabaki huko, na sioni haja ya kumnunia mtu; kazi waliifanya. Ila sisi wa pwani tumeiachaje habari hii? Shuleni nilikariri Sputnik na Apollo. Ngomeni hakuna aliyenitajia.

Satelaiti ilinyamaza Machi 1973, ikaungua angani 1979. Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988. Jukwaa lenyewe lipo. Kijana wangu wa spika anakwenda Mombasa mara kwa mara kufuata mzigo. Nimemwambia safari ijayo apitilize mpaka Malindi, aulize njia ya Ngomeni.